Anayeuliza Njia ya Msitu Asichekwe

Katika mikutano yetu ya msimu huu neno moja limerudi kila mara: simbilisi. Mpunga umelazwa chini, mahindi yamebaki maganda, mihogo imetafunwa shinani. Na neno la simbilisi likianza, halichelewi kuleta lingine, neno la wageni. Ni kusema, nani aingie katika kikundi cha wawindaji wanaolinda mashamba, na nani abaki nje. Sisi tulio katika komite tuko na wazo letu juu ya hiyo, na tunalisema wazi hapa. Mgeni aingizwe. Afundishwe, tena afundishwe mapema, kabla hajatega kamba yake ya kwanza.

Wageni hao ni nani? Wako wa namna nyingi. Kuna kijana aliyezaliwa hapa mjini, anajua kuendesha toleka tangu Kabondo mpaka soko kuu, lakini msitu wa babu yake hajawahi kulala ndani hata usiku mmoja. Kuna bwana aliyeoa kwetu. Kuna wale tunaowaita deplase, waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 2023 upande wa Lubunga na Ubundu, na wengine waliofika zamani zaidi kutoka Ituri, wakifuata barabara na mizigo kichwani. Hawa wa mwisho mara nyingi wanajua msitu kuliko sisi. Hawajui msitu huu tu: mpaka uko wapi, kijito hiki ni cha nani, jalala hili nani alilima mwaka gani.

Sasa tuangalie namna tunavyowapokea. Mtu anakuja kwenye kikao, anakaa nyuma. Anauliza jambo dogo, kwa mfano mshale wa mti na mshale wa chuma vinatofautiana namna gani, au kwa nini wazee wanakataa kupita njia fulani asubuhi. Watu wanacheka. “Kumbe wewe ni mtu wa mji!” Mzee anatikisa kichwa na kunyamaza, na kunyamaza kwake kunauma kuliko kicheko. Huyo mtu hatauliza tena. Lakini njaa yake haikuisha kwa sababu tulicheka. Atanunua kamba ya chuma sokoni, bei yake iko chini, na ataingia msituni peke yake, saa ambayo hatumuoni.

Hapo ndipo hasara inaanza, na tunaomba tukae kidogo juu yake, maana wengi wanazungumza juu ya kamba ya chuma kama vile ni kitu kidogo. Mtego wa kamba ya chuma hauchagui. Unakamata mboloko dume na mboloko jike mwenye mimba, unakamata mbwa wa jirani, unakamata mguu wa mtoto aliyekwenda kuokota kuni. Mtu asiyefundishwa anatega hamsini na kukumbuka thelathini. Zile zingine zinabaki zinafanya kazi bila mwenyewe, mnyama anaoza ndani, hakuna anayekula isipokuwa nzi. Upinde hauko vile. Mwenye upinde ni lazima akaribie, hatua kumi na tano au ishirini. Anamuona mnyama kabla ya kupiga. Anaweza kumuacha. Mshale ukikosa, ni mshale mmoja umekosa, na msitu haubaki na mtego nyuma yake.

Hatusemi kwamba upinde utalisha Kisangani. Tusidanganyane. Karibu na mji nyama kubwa zimekwisha, zimebaki simbilisi, motomba na mboloko wachache. Na kwa simbilisi ndani ya mpunga mzito, mbwa na nyavu vinasaidia kuliko mshale. Lakini watu wa upinde ndio waliobaki na akili ya kusoma msitu: nyayo, matunda yaliyodondoka, upepo, saa. Akili hiyo ikikosekana, hata nyavu zinawekwa fasi mbaya. Na watu wenyewe ni wazee. Wakienda, wanaenda nayo.

Twende sasa mbali kidogo, tufuate barabara hii hii ya Ituri, tupite Bafwasende na Nia-Nia mpaka tufike Epulu na Mambasa. Huko wako Wambuti na Waefe, watu wa msitu ambao sisi wakulima tumezoea kuwadharau tukinunua asali yao. Waefe ni watu wa upinde. Mtoto wa kiume anapewa upinde mdogo akiwa bado hajui kusema vizuri, anapiga vyura na majani, na hakuna mtu anayemcheka akikosa, maana kukosa ndiyo kazi yake ya miaka ile. Akikua anapanda mti ulio karibu na mti wenye matunda, anangoja mboloko waje kula chini. Siku nyingine wanaume wanatoka pamoja na mbwa. Mbwa wa huko hawabweki kama mbwa wetu, ndiyo maana wanafungwa kengele ya mti shingoni, ili wapiga mishale wasikie mnyama anaelekea wapi. Nyama ikianguka, inagawanywa kwa kufuata kazi: aliyepiga mshale wa kwanza ana sehemu yake, na mwenye mbwa ana yake. Mtu anajua haki yake kabla ya kutoka kambini, kwa hiyo mabishano mengi yanakufa bila kuzaliwa.

Wambuti wengi, kwa upande wao, wanawinda kwa nyavu. Wanaume wanazifunga moja kwa nyingine, zinafanya kama nusu ya duara. Wanawake na watoto wanatoka upande wa pili wakipiga kelele, wanawasukuma wanyama ndani. Angalieni vizuri namna kazi hiyo ilivyo. Nyavu zikiwa chache, duara halifungwi. Familia ngeni ikifika kambini na wavu wake, haiji kupunguza nyama, inakuja kuziba tundu. Ndiyo maana katika kambi zile watu wanaingia na kutoka mwaka mzima: leo uko kwa shemeji yako, mwezi ujao uko kwa dada yako, na popote unapofika unapewa fasi ya kufunga wavu wako. Walioishi nao na kuandika juu yao wameshangaa sana jambo hilo. Sisi wa koperative hatuna haja ya kushangaa. Shamba la mpunga lenye walinzi watatu ni duara lisilofungwa.

Tunajua jibu linalotoka kwa wengi, tumelisikia mara nyingi: “Unamufundisha leo, kesho atakuibia.” Hatulidharau. Kuna watu waliopoteza mitego, kuna waliokuta mihogo imeng'olewa usiku, na hasira yao ni ya kweli. Lakini tuulize vizuri: mwizi ni yule tuliyemuonyesha mpaka, tukaandika jina lake katika kitabu, mzee fulani akasema mbele ya wote “huyu ni mtu wangu”? Au ni yule ambaye hakuna anayejua analala wapi? Mtu aliyefundishwa yuko na mtu wa kumuuliza. Akikosea, tunajua mlango wa kugonga. Yule tuliyemfukuza hana mlango. Kumfukuza hakumtoi msituni, kunamtoa machoni petu tu.

Tena kuna hofu nyingine ambayo watu hawaisemi kwa sauti. Mzee anaogopa kwamba akitoa akili yake yote, atabaki bila kazi, hatutamuita tena. Hofu hiyo tunaiheshimu. Ujuzi ule ndio akiba yake, hana nyingine. Mtu hawezi kuomba akiba ya mwenzake bure halafu amwite mchoyo akikataa. Tutarudi kwa hilo chini.

Mgeni aanze kufundishwa nini? Vijana wanafikiri ni kupiga. Hapana. Kupiga ni mwisho kabisa. La kwanza ni mipaka: msitu wa nani, jalala la nani, nani aombwe ruhusa, mzee wa ukoo au kapita. La pili ni wanyama wasioguswa. Okapi analindwa kabisa na sheria, na mnyama huyo hakuna fasi nyingine duniani anapoishi porini isipokuwa Kongo yetu. Sokomutu vilevile, tembo vilevile. Sheria no 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa ya kuwinda na inatambua misimu ya kufunga uwindaji. Watu wengi wanaikuta sheria hiyo siku ya kukamatwa tu, kwenye bariyeri, wakati toleka imeshasimamishwa. Mgeni aisikie kwetu kwanza, kwa lugha anayoielewa, na aelezwe aulize ofisi ya mazingira msimu uko namna gani kabla ya kutoka.

La tatu ni ugonjwa, na hapa hatutaki mzaha. Mnyama aliyekutwa amekufa msituni asiokotwe, hata kama bado ni wa moto. Mwaka 2014, kule Boende, madaktari walifuata ugonjwa wa Ebola nyuma mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa amepasua nyama ya pori nyumbani. Mwaka 2017 Ebola ikatokea Likati, katika Bas-Uele, jimbo la jirani yetu. Na mpox tunaijua wenyewe hapa Tshopo. Mwindaji mzee anapita karibu na makako aliyekufa bila hata kusimama. Mtu mgeni mwenye watoto wanne na sufuria tupu anaona makako yule kama zawadi ya Mungu. Nani amwambie? Mama anayepasua nyama ana haki ya kuambiwa kuliko hata mwanaume anayeileta, maana mikono ni yake na kisu ni chake. Kwa hiyo tukisema kikundi cha wawindaji kipokee wageni, hatusemi wanaume peke yao.

Juu ya sumu ya mishale, tuseme neno moja tu. Wazee wachache wanaijua. Sisi hatutaifundisha katika koperative, na anayeitaka kwa haraka ndiye asiyefaa kupewa.

Kuna wanaosema hii yote ni wema wa kanisa, koperative ni biashara. Basi tuongee sheria ya biashara. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na koperative zetu zinafuata Sheria ya Pamoja ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010. Ndani yake, katika kanuni za ushirika, ya kwanza inasema kwamba kuingia ni kwa hiari na mlango uko wazi kwa wote. Koperative yenye maandishi safi lakini inayouliza kabila la mtu mlangoni imevunja kanuni iliyoiandikisha. Tunajua maneno haya yatawaudhi wengine. Tungependa wawe na hasira leo kwenye mkutano kuliko sisi wote kuwa na aibu kesho mbele ya watu wa serikali.

Tena tuangalie mbele. Dekreti no 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wao wenyewe, mpaka hektari 50.000, na kuusimamia. Vijiji kadhaa vya Tshopo vimeshapita njia hiyo. Anayeomba msitu ni lazima aseme namna atakavyoutumia: wapi watu watalima, wapi watawinda, wapi wataacha upumzike. Mpango huo utaandikwa na nani, ikiwa wanaojua wanyama wanapita wapi wamekaa kimya, na wanaotega usiku hawakualikwa? Karatasi itajazwa na mtu wa ofisi ambaye hajalowana na umande wa asubuhi.

Ujuzi ukifungwa ndani ya nyumba unafanya nini, tuna mfano hapa karibu. Yangambi iko kilomita kama mia moja tu kutoka hapa, ukishuka mto. Pale, mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walitoa siri ya mchikichi: ukichanganya dura yenye ganda nene na pisifera isiyo na ganda, unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Dunia nzima inalima tenera leo. Na sisi? Bado kuna mkulima anayeokota mbegu chini ya tenera ya jirani na kuzipanda, akifikiri mtoto atafanana na mama. Robo ya miche inarudi dura, robo nyingine inakuwa pisifera ambayo mara nyingi haizai vizuri. Anangoja miaka mitatu au minne ndipo anaona. Siri ilitolewa karibu na mlango wetu, ikaenda Malaysia, na hapa haikuvuka barabara, maana aliyejua hakukaa chini na aliyetaka kujua. Hapo hapo Yangambi kumekuwa na programu ya FAO, CIRAD, CIFOR na WCS iliyofanya kazi na wawindaji wenyewe juu ya nyama ya pori. Hiyo ni njia nzuri zaidi. Lakini programu zina mwanzo na mwisho. Mzee na kijana wanaolala kijiji kimoja, wao hawangoji pesa kutoka mbali.

Na tusisahau kwamba anayefika naye ana kitu mkononi. Mama aliyetoka upande wa Ubundu anajua kukausha samaki kwa namna ambayo haiharibiki mvua ikinyesha. Mtu aliyeishi na Waefe anajua kukaa juu ya mti saa nne bila kukohoa. Tukimpokea kama mwanafunzi tu, tumempoteza nusu. Aulizwe naye: kwenu mlifanya namna gani?

Sasa tunarudi kwa mzee na akiba yake. Pendekezo letu ni hili, na litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Kila mgeni anayetaka kuingia katika kikundi cha wawindaji apate mtu wa kumsimamia, mwanaume au mwanamke, anayekaa naye msimu mmoja. Mwezi wa kwanza mgeni anatembea bila silaha, na panga la kufungua njia tu. Anaonyeshwa mipaka, anaonyeshwa alama, anauliza anachotaka. Anayecheka swali la mgeni analipa faini ya kikao, sawa na yule anayechelewa. Mitego ya chuma inahesabiwa na kuandikwa, na isiyotembelewa kwa siku mbili inatolewa na kikundi. Na mgeni analipa ujuzi huo kwa kazi: siku moja kila juma katika shamba la mzee wake, kama tunavyofanya likilimba. Juu ya hiyo, nyama ikipatikana wakiwa wawili, mzee anachagua sehemu yake kwanza, hata kama mshale haukuwa wake. Pesa hatutaki ziingie hapo. Tumeona fasi nyingine pesa zikiingia, aliyelipa anafikiri amenunua msitu.

Kwa wale wasio na upinde, na ndio wengi, kazi iko vilevile. Kufyeka ukanda wa hatua kumi kuzunguka mpunga, kushika wavu, kupiga kelele upande wa pili, kuchunga watoto wasipite penye mitego. Mgeni anayeanza na kazi hizo kwa msimu mmoja anajua simbilisi anatoka wapi bila kuambiwa.

Wazee wanaokubali kusimamia mtu waandikishe majina yao kwa sekretere wa koperative, Jumamosi baada ya salongo. Wageni nao waandikishe. Tunaomba wawe tayari kabla mpunga haujaanza kutoa masuke, kwa sababu simbilisi hawatangoja mkutano wa pili.